Betri haikuwa na kosa

Betri yangu ya kwanza niliilipia nauli mara tatu: Mwanjelwa, Mbeya mjini, kuja Tukuyu ninakoishi, Tukuyu kurudi Mwanjelwa, kisha Mwanjelwa kuja tena Tukuyu. Konda wa safari ya tatu alikuwa yuleyule wa safari ya kwanza. Alipoiona nimeipakata akaniuliza, "Mwalimu, mgonjwa wako amepona?" Kosta nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana mgonjwa mwenyewe nilikuwa mimi.

Nieleze kidogo. Nafundisha fizikia sekondari, na jioni mimi ni mtu wa redio za ridhaa, yaani naongea na watu wa mbali kwa redio yangu mwenyewe, kwa kupenda tu. Leseni ninayo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, alama yangu ya mwito (jina langu hewani) inaanza na 5H kama ya Watanzania wengine wa mchezo huu, na redio yangu ni mtumba uliopita mikono mitatu au minne hivi, inarusha wati 100. Kwa miaka mingi niliendesha kila kitu kwa umeme wa ukutani. Huku kwetu mvua ikichachamaa, tawi la mparachichi likalalia waya, basi umelala gizani. Halafu ukaja ule mgao wa mwishoni mwa 2023. Usiku mmoja nilikuwa kwenye bendi ya mita 40, moja ya safu za mawimbi tunazoruhusiwa, nikiongea na mzee wa Afrika Kusini, ananieleza alivyoifunga antena yake juu ya mti wa jirani bila jirani kujua. Pap! Giza. Mpaka leo sijui jirani aligundua au la.

Kesho yake Jumamosi nikapanda Kosta kwenda Mwanjelwa.

Nilinunua N70, betri ya gari. Nyumbani tayari nilikuwa na inverta ndogo ya kuchajia simu, nikaona mambo si ndiyo haya: betri iende kwenye inverta, inverta iende kwenye paua saplai, paua saplai iende kwenye redio. Fikiria huo upuuzi. Natoa volti 12 kwenye betri, nazipandisha hadi 230, halafu nazishusha tena hadi 13.8, na kila hatua inakula chake. Na inverta yenyewe ilikuwa na kelele! Nilipofungua redio nilikuta mlio wa mashine ya kusaga toka mwanzo wa bendi mpaka mwisho. Inverta ikarudi kuchaji simu, nami nikaunganisha betri moja kwa moja kwenye redio.

Ndipo ugonjwa ulipoanza. Kusikiliza, safi kabisa. Nikibonyeza kipaza sauti na kusema neno la kwanza, redio inazima. Naiwasha, nasikia watu. Nabonyeza, inazima. Nikapima betri kwa mita: 12.5. Nikasema nimeuziwa betri mbovu, na kwa hasira za mtu aliyejibana mwezi mzima nikaibeba kuirudisha.

Kijana wa dukani alinipokea kwa adabu. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, lakini nimekuja na neno." Akanisikiliza hadi mwisho, akachukua kile kipimo cha meno mawili kinachopata moto, akakikandamiza kwenye vichwa vya betri. Akatazama sindano. "Mwalimu, betri nzima hii. Umeifunga kwa waya gani?"

Nikamwambia waya wa soketi, 2.5, mita nne.

Hakusema kitu. Alitazama pembeni tu, kama mtu aliyemfumania mkwewe anakula sukari kwa kiganja.

Hesabu yenyewe nimeiandika ubaoni kila mwaka tangu nianze kazi. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa takriban miliomu 7.4 kwa kila mita. Mita nne kwenda na nne kurudi ni nane, kwa hiyo miliomu 59. Redio ikisikiliza inanyonya ampea moja tu, hasara haionekani hata kwa mita. Ikirusha wati 100 inavuta kama ampea 20, na hapo waya peke yake unameza volti 1.2. Betri yenyewe ikibebeshwa mzigo inashuka hadi 12.2 au chini. Redio inabakiwa na volti 11. Kitabu chake kinasema inataka 13.8, ikivumilia asilimia 15 juu au chini, yaani isipungue 11.7. Ilikuwa inazima kwa haki yake.

Nilirudi na betri ileile na mita tatu za waya wa kuchomelea, milimita mraba 16, mweusi, laini kama mkia wa ng'ombe. Nikaisogeza betri hadi nyuma ya ukuta wa chumba cha redio ili kila upande wa waya uwe mita moja na nusu. Sasa upotevu haufiki hata sehemu moja ya kumi ya volti. Fyuzi ya ampea 30 nimeiweka kiganja kimoja tu kutoka kichwa cha chanya. Wengine huiweka karibu na redio, na sikubaliani nao. Fyuzi hapo inalinda waya, na waya ukichubuka katikati ya safari, fyuzi ya mwisho wa safari inasaidia nini? Betri haina huruma ya soketi, ikishikana inamwaga mamia ya ampea bila kuuliza. Spana yangu namba 10 ina kovu la kuthibitisha hilo.

Kuhusu asidi nitasema kifupi. Mama Lusajo aliokota kitambaa nilichofutia betri akakitupia kwenye nguo za kufua. Wiki iliyofuata kitenge chake kilikuwa na matundu kama kichujio cha chai. Tangu hapo betri ikahamia kibarazani kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, ambako ndiko ilipostahili kuwa tangu mwanzo, maana betri ya asidi ikichajiwa inatoa hidrojeni na hiyo si ya kulala nayo chumba kimoja.

N70 ile ilinitumikia mwaka mmoja na miezi kidogo. Nayo haikuwa na kosa. Betri ya gari imetengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache kisha ijazwe. Mimi nilikuwa naikamua usiku kucha hadi volti 11.8 halafu naiacha hivyo hadi umeme urudi. Ya asidi ukiipumzisha ikasoma 12.2, ujue umefika nusu, simama hapo. Sikusimama.

Sasa ninayo ya lithiamu, aina ile ya chuma na fosfeti, ampea-saa 100. Bei iliniuma, sitaitaja kwa sababu mama Lusajo anasoma hapa. Ila naibeba kwa mkono mmoja. Inakaa karibu 13.2 muda mwingi wa matumizi yake, na redio inaipenda. Ubaya wake ni kwamba mita haikuambii kimebaki kiasi gani, inasoma vilevile mpaka karibu na mwisho, kisha inaanguka ghafla. Kwa hiyo naandika masaa kwenye daftari. Kwa namna yangu ya kusikiliza sana na kusema kidogo, wastani ni kama ampea tatu na kitu, basi nikitumia 80 kati ya zile 100 napata saa 24 hivi. Nikitaka zaidi nashusha wati 100 hadi 25. Anayenisikiliza anaona sindano ya redio yake, ile inayopima nguvu ya mawimbi, imeshuka alama moja tu, na mara nyingi hata hagundui.

Marafiki wa Kitulo wanaotaka kuniiga wakumbuke: lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi sifuri. Tukuyu hatufiki huko. Nyie Juni mnaamka majani yameganda.

Sola nayo ipo, paneli ya wati 100 juu ya bati. Jua likiwaka inaleta kama ampea tano. Lakini Tukuyu mwezi wa nne ni mawingu na mvua asubuhi hadi asubuhi, hapo inaleta nusu ampea na kuomba radhi. Isitoshe kidhibiti chake cha kuchaji kinavuma kama nyuki kwenye bendi. Nimezungushia waya wake yale manundu meusi ya kebo za kompyuta mbovu, kelele imepungua sana, haijaisha. Nikisikiliza mtu wa mbali nakata paneli kwa swichi.

Ila kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Umeme ukikatika mtaa mzima, chaja za simu, taa za LED, televisheni na king'amuzi cha jirani vyote vinanyamaza, na bendi inakuwa tulivu kama shamba la chai saa kumi alfajiri. Sindano yangu ya kelele hushuka kutoka 6 hadi 2. Sauti ambazo kwa kawaida zimezikwa zinaibuka. Alhamisi iliyopita, kwenye giza namna hiyo, nikamsikia mtu wa Madagaska anaita kwa sauti ndogo kabisa, wala haitingishi sindano. Nikamjibu. Akanipata. Tukafika hatua ya kuambiana hali ya hewa.

Mara watoto wa mtaa mzima wakapiga kelele kwa furaha, "Umerudiii!" Sindano ikapanda hadi 6, na mtu wangu akazama.