Kumbukumbu ya mradi wangu: wiki 12 za kusoma polepole, kwa sauti

Kabla ya kuanza

Mradi huu ulitokana na jambo lililonihuzunisha. Mwishoni mwa mwaka nilihesabu vitabu nilivyovisoma nikakuta ni 41, lakini nilipojaribu kusimulia kila kimoja kilihusu nini, nilikwama baada ya cha tisa. Vingine nilivikumbuka kwa rangi ya jalada tu. Nilikuwa nimejizoeza kupitisha macho katikati ya ukurasa, kuruka maelezo ya mandhari, na kukimbilia mazungumzo ya wahusika ili nijue kilichotokea, kana kwamba mwandishi alikuwa amenificha jambo kwa kuandika yale mengine yote. Nilikuwa nikipenda sana kusoma nilipokuwa mdogo, na iliniuma kugundua kwamba kile nilichokuwa nikikifanya sasa hakikuwa tena kusoma kule.

Niliamua kwamba kwa muda wa wiki 12 nitashika kitabu kimoja tu, riwaya yenye kurasa 412, nusu saa kila jioni, simu ikiwa imezimwa katika chumba kingine. Kila siku nitaandika katika daftari mistari michache juu ya nilichosoma, na mstari mmoja juu ya jambo dogo lililonifurahisha siku hiyo.

Wiki ya 1

Jioni ya kwanza nilimaliza kurasa 19 ndani ya nusu saa, kinyume kabisa cha nia yangu. Siku ya pili niliweka kidole chini ya mstari na kujilazimisha kwenda nacho taratibu, lakini macho yalitangulia mbele ya kidole, yakakingojea huko mwisho wa mstari, na kwa muda huo wa kungoja akili ikaenda ilikotaka.

Nilitafuta maelezo juu ya macho yanavyosoma, nikaelewa kwa nini kidole hakikusaidia. Jicho halitelezi juu ya mstari kama tunavyodhani, bali huruka. Wasomaji wa Kiingereza, ambao ndio waliochunguzwa zaidi, hutuliza jicho mahali pamoja kwa takriban robo ya sekunde, kisha jicho huruka herufi 7 hadi 9 na kutua tena, na wakati wa kuruka jicho halipokei maandishi yoyote ya maana. Asilimia 10 hadi 15 ya miruko hiyo hurudi nyuma. Jambo hili la mwisho lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba kurudi nyuma ni dalili ya usomaji dhaifu. Mafunzo ya kusoma haraka, yaliyopata umaarufu nchini Marekani kuanzia mwaka 1959 kupitia Evelyn Wood, huhimiza kwamba macho yasirudi nyuma na kwamba ile sauti ya ndani inayotamka maneno kichwani inyamazishwe. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha mara nyingi kwamba mwendo ukizidi kiasi, uelewa hupungua, na kwamba sauti hiyo ya ndani ina kazi yake katika kuelewa sentensi. Mimi nilikuwa nimeizima kwa makusudi, kwa bidii, kwa miaka.

Wiki ya 2

Hakuna la maana la kuripoti. Kurasa 96, usingizi mara mbili juu ya kitabu. Mstari wa furaha katika daftari ulijaa maneno ya jumla kama "hali ya hewa nzuri" na "nimepumzika", ambayo hata nilipokuwa nikiyaandika sikuyaamini.

Wiki ya 3

Hapa ndipo mradi ulipogeuka. Jioni ya Jumanne umeme ulikatika, nikawa nasoma kwa mwanga wa mshumaa, na kwa kuwa herufi hazikuonekana vizuri, nilianza kutamka maneno kwa mnong'ono ili nisipoteze mahali. Baada ya kurasa mbili niligundua kwamba nilikuwa sijaruka hata neno moja. Midomo haiwezi kuruka. Jicho linaweza kupita juu ya aya nzima na kujifanya limeiona, lakini ulimi ukiacha neno, sikio linajua papo hapo.

Shuleni tulionywa tusichezeshe midomo tunaposoma, kwa hoja kwamba ni tabia ya anayeanza kujifunza, na nilikua na aibu hiyo bila kuihoji. Nilipoifikiria upya nilikumbuka kisa mashuhuri katika historia ya usomaji: karne ya 4, Augustino, mwandishi wa Kikristo, alimkuta Ambrosi, askofu wa Milano, akisoma huku macho yakipita juu ya ukurasa na ulimi wake umetulia, naye akaliona kuwa jambo la kutajwa katika maandishi yake. Maandishi ya Kilatini ya siku hizo kwa kawaida hayakuwa na nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo kuyatamka kulimsaidia msomaji kuyatenganisha. Kutumia sikio katika kusoma, basi, ni desturi ya wasomaji wa kale, na sioni sababu ya mtu mzima kuionea haya.

Siku iliyofuata, ingawa umeme ulikuwa umerudi, nilirudi ukurasa wa 1 na kuanza upya kwa sauti. Kurasa 5 kwa nusu saa.

Wiki ya 4 na ya 5

Sikutarajia kwamba sarufi ingenipa starehe. Tunafundishwa upatanisho wa ngeli kama kanuni ya kufaulu mtihani, na jicho linapokimbia halioni ndani yake ila viambishi vya kawaida, lakini kinywani ni muziki. Nitoe mfano wa sentensi niliyoitunga mwenyewe kwa jaribio: "Vyombo vyake vichache vilivyobaki vilikuwa vimepangwa vizuri dirishani." Ukiisoma kimya, ni habari ya vyombo. Ukiitamka taratibu, utasikia ile *vi* ikirudi neno baada ya neno, kama mtu anayevigusa vyombo hivyo kimojakimoja kwa ncha ya kidole, hadi neno la mwisho linapoivunja na kuifungua sentensi kuelekea dirishani. Sijui kama mwandishi wa riwaya yangu alikusudia kila mwangwi wa namna hiyo, lakini nilipoanza kuusikia, nilianza pia kuona ni wapi alichagua nomino moja badala ya nyingine kwa ajili ya sauti itakayoifuata.

Kwa kujifunza mwendo, kila jioni nilitangulia na beti tano za utenzi kabla ya riwaya. Utenzi una namna yake ya kumshika msomaji mkono. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Mizani 32 inatosha pumzi mbili bila haraka. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno linakuwa na mahali pake pa kukanyagia, na huwezi kukimbia bila kuchafua kipimo. Nilipotoka katika beti hizo na kuingia katika nathari, pumzi ilikuwa imeshatulia, na alama za uakifishaji, ambazo nilikuwa nimezizoea kama vumbi la ukurasani, zikawa mahali halisi pa kuvutia hewa.

Nilijipima pia. Makadirio ya watafiti ni kwamba mtu mzima husoma Kiingereza kimya kwa takriban maneno 240 kwa dakika na kwa sauti takriban 180. Mimi, kwa Kiswahili na kwa sauti, sikufika 100, kwa sababu nilirudia sentensi nyingi. Hata hivyo hesabu hizo hazilinganishiki moja kwa moja, kwani neno letu moja, tuseme *hawakuniambia*, limebeba mtendaji, wakati, ukanushaji na mtendwa ndani yake. Baada ya siku tatu niliweka saa kando, kwa kuwa nilianza kuona fahari ya kuwa na mwendo mdogo, na fahari hiyo ilikuwa inaninyima utulivu kama ile ya zamani ya kuhesabu vitabu.

Wiki ya 6

Mama yangu, ambaye yuko nasi kwa sasa na ambaye macho yake hayawezi tena kusoma herufi ndogo, alisimama mlangoni mwa chumba changu jioni ya Jumatano.

"Unazungumza na nani humo ndani, mwanangu?"

"Nasoma tu, mama. Samahani kama nimekusumbua."

"Hujanisumbua. Ongeza sauti kidogo, na mimi nisikie."

Alikaa. Kwa kuwa tulikuwa ukurasa wa 94, nilitaka kumweleza kwa kifupi yaliyotangulia, nikatarajia kwamba yangechukua dakika mbili. Yalichukua muda wote wa jioni ile. Nilikuta nakumbuka majina ya wahusika wadogo, mpangilio wa nyumba, harufu ya ghala, hata neno ambalo mzee wa kwenye mashua alilitumia alipokuwa anaaga. Niliandika jambo hili katika daftari kwa herufi kubwa, kwa sababu ni miezi michache tu iliyokuwa imepita tangu niliposhindwa kusimulia vitabu 32 kati ya 41.

Tangu hapo tunasoma wawili. Mama ana maneno mawili anayoyatumia kuliko yote: "Rudia hapo." Hayasemi kwa kuwa hakusikia. Huyasema pale sentensi inapokuwa nzuri, na mara nyingi huwa ameiona kabla yangu. Mara moja aliniomba nirudie sentensi ileile mara nne, sentensi fupi juu ya mwanamke anayekunja shuka peke yake, akiwa ameshika ncha mbili kwa mikono na ya tatu kwa kidevu. Mara ya nne ndipo nilipoelewa kwamba mtu wa pili, ambaye angeshika upande wa pili wa shuka, amekufa. Nilikuwa nimeisoma mara tatu bila kuona hilo, na mama alikuwa amenyamaza akiningoja nifike.

Wiki ya 7

Mstari wa furaha umeanza kubadilika bila mimi kuulazimisha. Sikio lililozoezwa usiku limeanza kufanya kazi mchana. Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa najaza maji katika jagi refu, nikasikia kwa mara ya kwanza jambo ambalo bila shaka limekuwa likitokea maisha yangu yote: maji yanapoanza kuingia sauti huwa nzito, kisha hupanda, ikawa nyembamba na ya juu kadiri jagi linavyokaribia kujaa. Sababu yake ni hewa iliyo juu ya maji, ambayo ndiyo inayovuma. Inapofupika, mtetemo wake huwa wa kasi zaidi, kama filimbi fupi inavyolia juu kuliko ndefu. Nililimwaga na kulijaza tena nikiwa nimefumba macho, nikafunga bomba kwa kusikia tu, na maji yakawa yamesimama upana wa kidole chini ya ukingo.

Katika wiki hiyo niliandika pia mvua ya kwanza kugonga paa, matone yakiwa bado yanahesabika; sauti ya pasi moto ikipita juu ya nguo yenye unyevu; na ule ukimya mfupi kati ya pigo moja la ufagio na jingine, mfagiaji anapoinua mkono.

Wiki ya 8 na ya 9

Kazi ilinizidi. Siku tisa bila kusoma. Nilikuwa nafika nyumbani usiku, koo limekauka, na mama ameshalala. Nilijaribu mara moja kusoma kimya ili nisibaki nyuma, nikajikuta nimepita kurasa 11 bila kitu kubaki, na kesho yake tulizirudia zote kwa sauti.

Wiki ya 10 na ya 11

Nimeongeza penseli, laini, aina ya 2B, ambayo haikwaruzi karatasi. Naweka nukta ndogo pembeni kila mama anaposema "rudia hapo", na sasa naweza kufungua ukurasa wowote nikaona ni wapi tuliposimama. Karatasi ya nakala hii imeanza kugeuka manjano kwenye kingo, kazi ya lignini, kile kinachoupa mti ugumu, iliyomo katika karatasi za mbao inapokutana na hewa na mwanga, nayo ina ile harufu tamu kidogo ya vitabu vya zamani ambayo hutokana na karatasi yenyewe kuvunjikavunjika polepole. Mama huinusa kabla sijaanza. Kisha hunirudishia kitabu na kukaa.

Wiki ya 12

Muda niliojiwekea umekwisha nasi tuko ukurasa wa 287 kati ya 412. Nukta za penseli ni 63. Daftari limebakiza kurasa nne, kwa hiyo nimenunua jingine. Sitabadilisha utaratibu, isipokuwa beti za utenzi, ambazo sasa mama ndiye atakayezisema, kwa kuwa nyingi anazijua kwa moyo na mimi hupenda kumsikia akishusha kina cha mwisho.

Leo jioni tunaanza sura ya 19. Ameshaniuliza mara mbili tangu asubuhi kama yule mzee wa kwenye mashua atarudi, nami nimemjibu kwamba sijachungulia mbele.