Usiku nilioisubiri homa

Daktari aliposema mwanangu amefikia umri wa kuanza dawa ya homa ya ini, nilimkumbatia mtoto kana kwamba kuna mtu anakuja kunipokonya. Miaka kadhaa kabla sijamzaa nilikuwa nimetibiwa homa ya ini aina ya C kwa interferoni: sindano kila wiki na vidonge vya ribavirini kila siku, kwa wiki 48. Kila nikichomwa, usiku nilitetemeka kwa homa. Nywele zilipukutika, damu ilipungua, na moyo ukaingia giza ambalo hata walionipenda hawakujua namna ya kunitoa humo. Baada ya mateso yote hayo, virusi vikarudi.

Mwanangu akavipata kwangu. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa na mama mwenye virusi hivi, watano au sita hivi huambukizwa, na wangu akawa miongoni mwao. Daktari alituambia tungoje, kwa sababu miili ya baadhi ya watoto huvifukuza virusi yenyewe katika miaka ya mwanzo. Wake haukuvifukuza. Alikua vizuri, akacheza, hakulalamika maumivu popote. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, maana nilijua ini linaweza kuharibika polepole kwa miaka mingi bila kupiga kelele.

"Safari hii hakuna sindano, mama," daktari akasema. Zilikuwa sofosbuviri na velpatasviri, dawa mbili zinazozuia virusi visizaliane, mara moja kwa siku kwa wiki 12, dozi ikipimwa kwa uzito wake. Alimpima kwanza homa ya ini aina ya B, kwani hiyo ikiwa imejificha mwilini inaweza kuamka wakati wa tiba.

Dawa ilikuja kama chembechembe za kunyunyizia kwenye chakula laini kisicho na uchachu. Zikitafunwa ni chungu, kwa hiyo tulianza na mazoezi ya kumeza aiskrimu bila kutafuna. Dozi ya kwanza aliimeza, akakunja uso, akaniuliza kama sasa anaweza kwenda kucheza.

Mimi ndiye niliyeshindwa kulala. Nilikaa kando ya kitanda chake nikimgusa paji la uso, nikiisubiri ile homa niliyoijua. Haikuja. Alfajiri aliamka akaomba chakula, nami nikalia mpaka akaanza kunifuta machozi kwa mikono yake. Nilikuwa nimejiandaa kumuuguza mtoto, na hapakuwa na wa kuuguzwa.

Wiki zilizofuata zilipita kwa kijiko kile kile. Wiki 12 baada ya dozi ya mwisho walitafuta virusi katika damu yake, havikuonekana, na hapo ndipo daktari anaruhusiwa kusema mtoto amepona. Mimi pia nilikuwa nimeshapona, kwa vidonge vya kizazi hiki kipya cha dawa.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa hizi kwa watoto kuanzia miaka 3. Lakini mtoto ambaye mama yake hajapimwa atajulikanaje? Hilo linaniuma hadi leo.

Kabla ya kuondoka nilimwomba daktari aandike barua. Kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kupambana na virusi, hubaki kwenye damu hata baada ya kupona, na sitaki siku moja mtu amwangalie mwanangu kwa kipimo cha kingamwili peke yake akamwambia bado anaumwa.