Gazeti la Ndola

Marehemu baba hakuchoka kusimulia bao la Peter Tino. Mwaka 1979 Taifa Stars ilikuwa imeifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, ikaenda Ndola kutafuta sare, na Tino akaipata: 1-1. Hivyo ndivyo tulivyofika Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Nigeria walitufunga 3-1, Misri 2-1, Ivory Coast tukatoka nao 1-1. Hatukurudi tena kwenye fainali hizo hadi 2019.

Ndiyo maana nilipoanza kukusanya kumbukumbu za soka, nilitaka za safari ile tu. Nikaanzia mitumba ya Memorial, hapa Moshi. Nikauziwa jezi "ya themanini" kwa shilingi elfu thelathini. Kufika nyumbani, nageuza lebo ya ndani nakuta anwani ya tovuti! Iliniuma sana. Tangu hapo nasoma lebo kwanza, bei baadaye.

Nikahamia kwa wazee. Mwalimu mmoja mstaafu wa Old Moshi, aliyesikiliza mechi zile pamoja na baba, alinipokea vizuri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Magazeti siuzi, lakini kaa tunywe chai."

Nikakaa. Nilirudi Jumapili tatu bila kutaja bei, nikiuliza tu habari za mechi. Ya nne akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Lilijaa magazeti ya Uhuru, mengine yameliwa na mchwa, moja limeungwa kwa selotepu iliyokula wino. Lakini ukurasa wa Ndola ulikuwa mzima! Mikono ilinitetemeka.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mti, yaani mbao iliyosagwa, ndiyo maana mwanga na hewa huigeuza njano na kuifanya ivunjike kama jani kavu. Kwa hiyo sikuuning'iniza ukutani, wala sikuupeleka kutiwa plastiki ya moto, maana ile haitoki tena. Niliupiga picha kwanza, nikaulaza bapa bila kuukunja katikati ya karatasi zisizo na asidi, ndani ya boksi lenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na ukuta. Masika Moshi kuta hutoa jasho, kwa hiyo nalifungua kila wiki kukagua.

Mwalimu alikataa pesa. Alitaka nakala yenye herufi kubwa, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Nilimpelekea Jumapili iliyofuata, akanisomea kikosi kizima kwa sauti, jina kwa jina.