Wimbo wa Kireno Usiotoka Ureno

Disemba iliyopita, tukifanya mazoezi ya kwaya katika parokia yetu hapa Nairobi, nilipewa karatasi kuukuu ya nota za Adeste Fideles, wimbo wa Krismasi wa Kilatini, ambayo juu yake wimbo uliitwa "Wimbo wa Kireno". Jina hilo lilinikaa kichwani, kwa kuwa nakala za zamani kabisa zinazojulikana, za miaka ya 1740, ziliandikwa na Mwingereza Mkatoliki, John Francis Wade, aliyekuwa akinakili vitabu vya ibada kwa mkono.

Ureno uliingia kupitia mlango wa ubalozi. Katika London ya karne ya 18, sheria iliwakataza Wakatoliki kuadhimisha Misa hadharani, lakini balozi wa nchi ya Kikatoliki aliruhusiwa kuwa na kikanisa chake na mapadre wake, na baada ya balozi wa Urusi, Andrey Matveyev, kukamatwa barabarani mwaka 1708 kwa sababu ya madeni, Bunge lilipitisha sheria ya kukazia kinga ya mabalozi. Vikanisa hivyo vilikusudiwa balozi na watu wa nyumbani kwake tu. Hata hivyo Waingereza walivijaza. Balozi alipoondoka kwa sababu ya vita, altare yake nayo ilifungwa, na ndiyo maana Sardinia (wakati huo ufalme wa Kikatoliki) na Ureno, zilizopatana na Uingereza kwa muda mrefu, ziliwafaa zaidi waumini kuliko Ufaransa au Hispania.

Adeste Fideles uliimbwa katika kikanisa cha Ureno, na waliousikia huko wakaupa jina la mwenye nyumba. Katika kikanisa cha Sardinia alikuwapo Samuel Webbe, mpiga kinanda, ambaye mwaka 1792 alichapisha Misa kwa ajili ya kwaya ndogo. Kwangu mimi, maneno hayo "kwaya ndogo" yanaeleza mengi: ni muziki wa watu wachache, wenye nafasi finyu, walioimba wakiwa wageni katika mji wao wenyewe. Hata Waprotestanti walifika kusikiliza, jambo ambalo naamini lilimfurahisha na kumtia balozi wasiwasi kwa pamoja.

Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Usiku wa tarehe 2 Juni 1780, wapinzani wa sheria iliyowalegezea Wakatoliki masharti walivamia vikanisa vya Sardinia na Bavaria, na bendera ya kigeni haikuwazuia. Mwaka 1791 Wakatoliki waliruhusiwa kusali katika nyumba zilizosajiliwa, mradi zisiwe na mnara wala kengele.

Mwaka huu nilimwomba mwalimu wetu wa kwaya tuimbe ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini, bila kinanda, kama watu wanaosikiliza hatua za mlinzi nje ya mlango. Alikataa, akasema sisi wa teno tutakuwa tumeshuka nota kabla hatujafika kwenye kiitikio.