Mtungi uliolala

Leo asubuhi nabadilisha mtungi wa jiko, ile harufu ya mayai viza ikanipanda puani na mara nikawa Dallas, Texas, tena, Februari 2021, wiki ile ya barafu. Umeme umekatika, nje hasi 19, watoto wamelala na makoti, na mama ndo kwanza kaja kututembelea kutoka Tanga, baridi anayoijua yeye ni ya Lushoto.

Jenereta yetu ya gesi ilikuwa inawaka vizuri, ila ukichomeka hita tu mlio unashuka, unapanda, unashuka, kimya. Nikasafisha plagi ya injini. Nikanyoosha mpira, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, hamna panapovuja. Nikafunga koki nikaifungua upya taratibu, maana ukiifungua kwa pupa ile kinga ya ndani inadhani gesi inavuja na kuibana. Bado. Na mtungi mzito, gesi imo.

Mama akatoka na khanga juu ya koti langu, akainama kwenye mtungi. Juu chuma kitupu, kuanzia katikati kushuka chini barafu nyeupe, mpaka wake umenyooka kama umepigwa rula. Akaukwaruza kwa ukucha, polepole, vumbi jeupe likamdondokea kwenye kiatu.

"Gesi imo mwanangu, ila imelala. Mtungi wangu wa gengeni nikibandika sufuria kubwa unafanya hivi hivi."

Kweli kabisa. Injini inavuta mvuke, na kimiminika kikigeuka mvuke kinanyonya joto la mtungi wenyewe. Propani inachemka kwenye hasi 42, kwa hiyo baridi ikizidi presha inapungua, na kimtungi cha kilo 9 hakiwezi kulisha hita kwenye hali ile. Tukaumwagia maji ya uvuguvugu, tukachomoa hita, tukaunganisha na mtungi wa pili ule wa kuchomea nyama, tukaiachia feni ya fanesi, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, peke yake. Ikashika.

Jioni mama akasema tuiingize jenereta gereji nayo isipigwe na baridi. Nikamfokea. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, haina harufu, na wiki ile Texas watu walikuwa wanakufa nayo majumbani mwao, nisingekubali hata kidogo na leo pia nisingekubali. Lakini ile sauti niliyomtolea, mbele ya wajukuu zake, mtu aliyetutoa kwenye baridi mchana uleule! Hakusema neno mpaka asubuhi.

Tukiongea kwa simu huwa nataka niianzishe ile habari, halafu ananiwahi, anauliza watoto wamekula nini.