Kahawa ya Jumamosi na rafiki yangu: tunavyoipanga hapa Nakuru

Marafiki wakiagana kwa "tutafutane", mwezi huisha hawajaonana. Mimi na rafiki yangu wa dhati tuna Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa nne asubuhi. Saa hiyo waliokuja kwa staftahi wameshaondoka na wa chakula cha mchana hawajafika, kwa hiyo mhudumu hakuharakishi. Mvua ya Nakuru nayo hupenda alasiri, hasa Aprili na Mei. Isitoshe, karibu nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano baada ya kunywa. Kahawa ya saa kumi jioni itakukosesha usingizi.

Mwenye udhuru husema kabla ya Ijumaa jioni, na katika ujumbe huohuo hutaja siku nyingine. Akiahirisha bila kutaja siku, mwenzake huona haya kuuliza, na mazoea hufia hapo.

Pesa huharibu mikutano ya namna hii kimyakimya kuliko ugomvi. Sisi hulipa kwa zamu, na mwenye zamu ndiye anayechagua mkahawa. Hivyo kila mmoja hupeleka mwenzake mahali mfuko wake unapofika, na halazimiki kujieleza. Kugawana bili nusu kwa nusu sikupendi, kwa sababu huzaa hesabu za nani alikula keki na nani alikunywa kahawa tupu. Mkilipa kwa M-Pesa, someni jina la biashara linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Tarakimu moja ya till, yaani namba ya malipo ya duka, ikikosewa, pesa huenda kwa mwingine.

Meza iwe mbali na spika, televisheni na mashine ya kusaga kahawa. Ile mashine hukata mazungumzo kila oda inapoingia.

Sasa kahawa yenyewe. Herufi AA kwenye pakiti zinaeleza ukubwa wa punje, hazikuhakikishii ladha. Usilipe zaidi kwa ajili yake peke yake. Ulizeni kahawa ilikaangwa lini: kati ya wiki moja na mwezi ndipo inapokuwa nzuri. Ulizeni pia imetoka wapi, maana hatuko mbali na mashamba. Kahawa hulimwa Subukia, Bahati na Solai, na ukielekea magharibi iko Kipkelion, kisha Bungoma kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Ladha ya kahawa ya Kenya ni ya ukali wa matunda, na maziwa mengi huizima. Nikitaka kuionja punje, naagiza nyeusi. Nikitaka maziwa, naagiza kapuchino badala ya late, kwa kuwa maziwa yake ni machache. Mwambieni barista, yule anayetengeneza kahawa, asipitishe maziwa nyuzi joto 65 za Selsiasi; yakizidi 70 hupoteza utamu wake na kuanza kunuka kama yaliyoungua. Na onjeni kabla ya kutia sukari.

Mwezi mfuko ukiwa mwembamba hatuvunji siku, tunajaza kahawa kwenye chupa ya chai na kuibeba hadi ukingo wa kreta ya Menengai, shimo la volkano lililo jirani na mji. Kwa chupa ya mililita 750 tumia gramu 45 za kahawa iliyosagwa chengachenga, kama chumvi ya mawe. Maelekezo mengi husema uyaache maji yapoe kidogo baada ya kuchemka. Hayo yanawafaa walio pwani. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Ukiyapoza, kahawa hutoka chachu na nyepesi. Hata Kisumu, ambako huchemka karibu na 96, mimina papo hapo. Koroga mara moja, funika dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi. Unga usiingie kwenye chupa, kwa sababu utaendelea kutoa uchungu njia nzima.

Chupa yenyewe ijazwe maji moto dakika tano kabla, la sivyo ukuta wake baridi utanyonya joto la kahawa. Maziwa yabebwe kando. Yakikaa saa kadhaa ndani ya chupa pamoja na kahawa hubadilika harufu, na kifuniko huihifadhi hiyo harufu hadi safari ijayo. Kule juu upepo ni mkali, kwa hiyo bebeni shuka na vikombe vyenye vifuniko, na mketi mbali na ukingo.

Mmoja wenu akiwa haruhusiwi kahawa, kwa sababu ya vidonda vya tumbo au dawa anazotumia, siku isivunjwe. Mikahawa mingi huuza kinywaji kiitwacho "dawa", cha tangawizi, ndimu na asali. Mwenye vidonda aepuke ndimu, aagize kinywaji anachoruhusiwa.