Tiba ya kigugumizi kwa wanafunzi: unajuaje kama imefanya kazi?

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuongea na mtaalamu bila kukwama, kisha akashindwa kutaja jina lake darasani. Kwa hiyo usiamini kipimo cha chumba cha tiba peke yake.

Chukua tiba ya kusema kwa mapigo: kila silabi inapewa uzito sawa, a-na-kwe-nda-shu-le-ni, dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, mzazi akiongoza. Australia waliijaribu kwa watoto 10 wa miaka 6 hadi 11. Matokeo ya 2012 yalionyesha kwamba miezi 9 baada ya kuanza, kigugumizi cha nusu ya watoto hao kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya nusu. Inatia moyo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Na kulinganisha ni muhimu, maana kigugumizi hupanda na kushuka chenyewe. Mzazi huomba msaada hali ikiwa mbaya kabisa, na nafuu ya wiki chache zinazofuata inaweza kuja hata bila tiba. Rekodi basi zaidi ya mara moja kabla ya kuanza, katika wiki tofauti: nyumbani, kwa mtu asiye wa familia, na kwenye simu. Kila rekodi iwe na silabi 300 au zaidi. Silabi 24 zilizokwama kati ya 400 ni asilimia 6. Anayehesabu asijue rekodi ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada. Akijua, sikio humpendelea mtoto.

Kwa Kiswahili kuhesabu ni rahisi, ila kuna mitego. “Mtoto” ni silabi tatu. “Ka-ka-kalamu” ni silabi tatu, moja imekwama. “Polepole” si kigugumizi. Kukwama kimya, mdomo umefunguka na sauti haitoki, hakusikiki kwenye rekodi ya sauti, tumia video.

Asilimia ikishuka, uliza imeshukaje. Mapigo sawa hufuta mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto akibaki hivyo wenzake watamcheka. Wasikilizaji wa kawaida wapime uasilia wa usemi, yaani unavyosikika kama usemi wa kawaida, 1 (wa kawaida kabisa) hadi 9 (usio wa kawaida kabisa). Mwulize mwalimu pia kama mtoto ananyoosha mkono, maana anayejibu “sijui” kila swali hana silabi za kukwama.

Pima tena baada ya miezi 6 na 12, ukiwahesabu na walioacha tiba katikati.